Barua kwa Mwanangu Aliyeitwa Kupigwa Picha

Kilakala, Morogoro

Mwanangu mpendwa,

Huku mvua zimeanza, na barabara ya Mgeta imerudia visa vyake.

Uliponipigia simu kuniambia kuna mpiga picha anataka kukupiga ukiwa uchi, nami nikakaa kimya, ulidhani nimekasirika. Nilikuwa nafikiri. Umri umetimia, mwili ni wako, nami ni mama yako mkubwa, si askari. Ila wewe umechezwa. Uliwekwa ndani ukafundwa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokufunda. Mambo ya mwili tuliyasema bila kupindapinda, na hakuna aliyeona haya, kwa sababu ilijulikana nani anaingia, nani anabaki nje, mwali anatolewa lini, na yapi hayavuki kizingiti. Sasa huyo mpiga picha wako akueleze kizingiti chake kiko wapi. Akikujibu kwamba sanaa haina mipaka, chukua mkoba wako uondoke.

Wenye kazi hii wenyewe wana taratibu. Katika vyuo vya uchoraji vya Ulaya, kama Slade cha London kilichofunguliwa 1871, kuchorwa uchi ni kibarua cha miaka mingi. Modeli huvua nyuma ya pazia, hujifunika wakati wa mapumziko, haguswi, na darasani hapigwi picha. Somo likiisha, kinachobaki ni mchoro. Picha yako ikiingia kwenye simu ya mtu, nani ataifungia mlango?

Halafu kuna sheria, na hapa sitakubembeleza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, inamshika anayechapisha ponografia mtandaoni: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Usidhani anabanwa mwenye kamera peke yake. Aliyesababisha ichapishwe naye yumo. Kama ni sanaa au ni uchafu, ataamua hakimu. Aprili 2018 Diamond Platnumz mwenyewe alihojiwa na polisi kwa video za faragha alizoweka mtandaoni, na yule ana mawakili. Wewe una mimi na mjomba wako.

Kwa hiyo, mwanangu, picha ya uchi mtupu usipige kwa sasa. Anza na vitenge, anza na nguo za kuogelea, jenga jina. Flaviana Matata alisimama Miss Universe mwaka 2007 na kipara chake, akaingia kumi bora. Watu walimkumbuka kwa kichwa alichokinyoa, si kwa nguo alizovua.

Nikupe na habari ya Iman, yule mwanamitindo Msomali. Mwaka 1975 alikuwa mwanafunzi Nairobi, mpiga picha Peter Beard akamwomba ampige picha. Binti hakuchekacheka, alitaka kwanza alipwe ada yake ya chuo. Hapo nampigia makofi. Lakini alipofika Marekani alikuta Beard ameshawatangazia watu kwamba alimwokota porini akichunga mifugo, yeye mtoto wa balozi! Mwenye kamera akiachiwa, huuza sura pamoja na hadithi ya kubuni. Ndiyo maana nataka karatasi, kwa Kiswahili unachokielewa: picha zitatumika wapi, hadi lini, nani atazishika, zipi zitafutwa mbele yako, malipo kiasi gani na siku gani. Neno “popote” likate kwa kalamu. Kumbuka kwamba hakimiliki kwa kawaida ni ya aliyepiga, hata kama sura ni yako. Bila maandishi huna pa kushika. Nakala yako uondoke nayo siku hiyohiyo.

Sasa safari ya maporomoko. Mpiga picha wako anasema mwende wawili, alfajiri, juu kule Bunduki, eti kuna faragha. Huyu haijui Uluguru. Mlimani kwetu hakuna jiwe lisilo na mwenyewe; utadhani uko peke yako, kumbe mama mmoja kwenye shamba la kabichi anakutazama tangu ulipofika. Na kuna sehemu zina mambo ya wazee, hazichezewi. Kama anabisha mwambie aulize habari za Kolelo, mzimu wa milima yetu. Akitaka kuingia kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, aombe kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) na achukue mwongozaji. Mimi nakuja na khanga mbili na chupa ya chai. Akikataa mtu wa tatu, umeshajibiwa. Kunywa chochote cha kwake, hapana. Nauli ya kurudi iwe mfukoni mwako, na simu iwe na chaji, ingawa mtandao kule ni wa kubahatisha.

Rafiki yako wa kidato cha tatu asihusishwe kabisa, hata kwa picha ya bega. Yule ni mtoto.

Siku mtu akikutishia kwamba atasambaza picha usipompa pesa au mwili, usimpe hata senti. Usifute ujumbe wake. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Nipigie hata saa nane za usiku, tutakwenda wote.

Mama yako sijamwambia, utamwambia mwenyewe. Mjomba wako anajua. Kwetu jambo likiharibika yeye ndiye huitwa kwenye kikao cha ukoo, kwa hiyo ana haki ya kujua mapema. Alinung'unika, kisha akaomba auone huo mkataba. Utume kwa basi, niuchukue Msamvu, na usiweke sahihi kabla hajausoma.

Mama yako mkubwa