Sare ya Kina Mama

Duka letu la vitenge, jirani na Soko Kuu la Arusha, lina spika mlangoni kama maduka mengi ya mtaa huu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kumvuta mteja ni kazi ya spika. Aliyenitia shaka ni mama tuliyemwajiri alipomaliza uongozi wake katani wa UWT, jumuiya ya wanawake wa CCM. Alikuja na furaha zake zote: tuweke benchi, tuchemshe chai ya tangawizi, tuache kumwinda mpita njia mmoja mmoja. "Mwanangu, uza kwa kundi," aliniambia. "Mwite mweka hazina wa kikoba achague rangi, wenzake watakuja wakiimba."

Nilimwitikia, "Sawa, mama," huku moyoni nikidhani ni siasa tu iliyokosa jukwaa.

Lakini nikilifikiri jambo hili, naona lina ukoo mrefu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwenye elimu ya miaka minne na sauti ya kuongoza ngoma ya Bomba jijini Dar es Salaam, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma ya lelemama kuwaomba wajiunge na TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Hao walikuwa kina mama waliokwisha kuzoea kuchanga, kuvaa sare na kuitikiana. Kiongozi akikubali, kundi linakuja naye, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa na kadi za TANU. Kura yenyewe ilikuwa bado mbali, maana uchaguzi wa 1958 ulidai elimu, kipato au cheo, na wengi wa kina mama hao hawakuwa na hata kimoja. Waliingia kabla hawajaahidiwa faida yoyote ya kushikika. Sijui kama duka linaweza kuomba imani ya namna hiyo.

Hapo ndipo ninaposita. Wanawake wa Uingereza waliodai kura walijichagulia rangi mwaka 1908, zambarau, nyeupe na kijani, na duka kubwa la Selfridges la London, lililofunguliwa mwaka uliofuata, likauza bidhaa za rangi hizo. Je, duka liliisaidia harakati, au harakati ililijazia duka droo? Labda yote mawili, na labda waliovaa hawakujali. Hata Bibi Titi alijikuta upande mgumu wa swali la mali: Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililopitishwa hapa hapa mjini, liliwakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, naye, aliyekuwa nazo, akajiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Zamani nilimhukumu haraka kwa hilo. Siku hizi, nikiwa na daftari la madeni mkononi, ninamsoma polepole zaidi.

Benchi tumeliweka. Kina mama kutoka Tengeru na Usa River hukaa, hubishana juu ya maua na mistari, na mara nyingine huondoka bila kununua. Hilo nalo ninajifunza kulivumilia.

Sasa msimu wa kipaimara unakaribia, na mama anataka kila mweka hazina anayeleta kundi apewe doti moja bure. Mimi nasema hiyo ni rushwa, yeye anasema ni heshima. Kwa sasa tumekubaliana doti hiyo itolewe mbele ya kundi zima, na wenyewe waamue ni ya nani.