Saini ya Mama na Filamu ya Mzee Maruge

Mwezi uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu hapa Mbeya filamu iitwayo The First Grader. Somo letu lilikuwa sera za elimu katika Afrika Mashariki, ambalo kwa miaka mingi nimelifundisha kwa majedwali na nyaraka. Nilidhani filamu ingewapumzisha. Walicheka pale mzee wa miaka 84 alipoingia darasani amevaa kaptula na soksi ndefu, kisha wakanyamaza. Ilipokwisha niliwaambia mjadala tutaufanya wiki ijayo, nikatoka haraka. Ukweli ni kwamba sikuwa na sauti ya kuongoza mjadala wowote. Leo naandika nilichopaswa kukisema siku ile.

Filamu hiyo iliongozwa na Mwingereza, Justin Chadwick, mzaliwa wa Salford. Alianza kama mwigizaji, akahamia kuongoza michezo ya televisheni, na mwaka 2005 akaongoza sehemu kubwa ya Bleak House, tamthilia ya BBC iliyotokana na riwaya ya Charles Dickens. Mwaka 2008 alitoa The Other Boleyn Girl, hadithi ya majumba ya kifalme. Angeweza kubaki katika majumba hayo, kwani ndiko kwenye fedha na tuzo. Badala yake alikuja Kenya, na mwaka 2010 filamu yake ya mzee Kimani Maruge ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Kisha ikaja Mandela: Long Walk to Freedom, iliyokuwa ikizinduliwa London usiku uleule wa tarehe 5 Desemba 2013 ambao Mandela aliaga dunia.

Wapo wanaouliza kwa nini hadithi ya mpiganaji wa Mau Mau isimuliwe na Mwingereza. Swali ni halali. Serikali ya Uingereza ilikiri mateso yale bungeni mwezi Juni 2013, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Maruge hakuwapo kusikia, maana alifariki Agosti 2009. Lakini kabla ya kumhoji mgeni kwa nini amesimulia, imetupasa tujihoji wenyeji kwa nini tulinyamaza. Maruge aliandikishwa shule mwaka 2004, huko Eldoret, baada ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi. Dunia ilimshangaa, akapelekwa hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa. Tanzania tulikuwa na mamilioni ya akina Maruge miaka thelathini kabla yake, nami nilimfundisha mmoja wao. Alikuwa mama yangu.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kijiji chetu mkoani Iringa, darasa la kisomo lilikutana saa tisa alasiri chini ya mkaratusi, mbao ikiegemezwa shinani. Walimu hawakutosha, hivyo wanafunzi wa madarasa ya juu tulipangwa kuwasaidia. Nilikuwa darasa la sita. Mama alikaa mstari wa mbele, mtoto mgongoni, mikono ikiwa bado na udongo wa vinyungu. Aliniita Baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, lakini pale chini ya mti aliniita Mwalimu kama wenzake wote, na mimi niliona aibu.

Jioni, baada ya kuosha vyombo, alikuwa akisogeza koroboi na kuniambia, “Baba, tuendelee kidogo.” Mara nyingi nilisema nimechoka. Sikuwa nimechoka. Sikutaka wenzangu wajue kwamba mama yangu hajui kusoma, ingawa mama zao walikuwa vilevile. Siku nilipokubali, nilichagua njia ya mkato: nikamfundisha kuandika jina lake. Aliliandika mara mia, kwa mkaa juu ya ukuta wa jiko, hadi likawa zuri kuliko langu. Mwaka 1975 ulipofika mtihani wa kwanza wa kisomo wa taifa, aliweza kuandika jina na kusoma silabi moja moja. Nikaenda sekondari. Mwanafunzi wangu nikamwacha hapo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha chuo, watu wa kampuni moja ya kupanda miti walifika kijijini. Kulikuwa na mkutano, soda na hotuba. Mwishoni karatasi zilipitishwa. Wazee wengine waliweka dole gumba. Mama alikataa wino. Aliomba kalamu, akatia saini yake kwa herufi zilizonyooka, akiamini ni karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa ni ridhaa ya kukodisha ekari sita za mlimani, kwa muda utakaomzidi yeye na pengine mimi.

Nilipokwenda kulalamika, afisa mmoja alinisikiliza kwa adabu, akafungua jalada, akanigeuzia ukurasa. “Mwalimu,” akasema, “huyu mama ni msomi. Tazama mwandiko.” Waliotia dole gumba walikuwa na la kujitetea, kwamba hawakusomewa. Mama yangu alinyimwa utetezi huo na saini niliyomfundisha mimi.

Ndiyo maana niliishiwa sauti. Katika filamu, mzee Maruge anahangaika kujifunza ili aisome mwenyewe barua iliyotoka ofisi ya rais. Katika maisha halisi alisema anataka kuisoma Biblia mwenyewe, asitegemee midomo ya wahubiri. Na katika riwaya ile ya Dickens aliyoiongoza Chadwick kabla ya kuja kwetu, yumo mzee Krook, mwenye duka lililojaa hati asizoweza kuzisoma, ambaye anaandika herufi moja moja ukutani kwa chaki na kuzifuta. Niliposoma habari za Krook niliuona ukuta wa jiko letu.

Sisemi kampeni ya kisomo ilikuwa bure. Nchi iliyokuwa na theluthi mbili hivi za watu wazima wasiojua kusoma ilifikia, katikati ya miaka ya 1980, kutangaza kwamba wamebaki karibu asilimia 10. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini sensa ya mwaka 2012 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika wakiwa kama asilimia 78. Kisomo hurudi nyuma kisipolishwa. Na ndani ya takwimu zote hizo nzuri, mtu anayeweza kuandika jina lake tu ni rahisi kuhesabiwa kuwa ameshafika. Tulipenda hesabu ya waliohitimu kuliko kujua wanasoma nini.

Likizo iliyopita nilikwenda kijijini na kompyuta yangu. Mama sasa ana zaidi ya miaka themanini. Tulitazama filamu pamoja, mimi nikimtafsiria. Hakucheka kaptula. Mwishoni alisema, “Huyu alipata mwalimu.” Hakusema kwa kunilaumu, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Kisha akaniomba kitu ambacho hakuna aliyewahi kumfanyia, nami nikiwemo: nimsomee ile karatasi yake. Nilikuwa na nakala. Nilisoma kurasa saba, kifungu kwa kifungu, nikisimama kila aliponiuliza maana. Moto ulizimika tukiwa ukurasa wa tano, akauwasha tena. Tulipomaliza alisema, “Kumbe si mahudhurio.” Alikuwa akijua hivyo kwa miaka mingi kwa kuambiwa. Usiku ule alijua kwa kusikia maneno yenyewe.

Kwenu watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, wa ardhi na wa elimu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaheshimu mkutano mkuu wa kijiji, lakini mkutano usiosomewa waraka wote kwa sauti ni mkusanyiko tu. Someni hadi mwisho, pokeeni maswali, acheni nakala, rudini siku nyingine ndipo kalamu itolewe. Msichukue mwandiko mzuri kuwa ushahidi wa kuelewa.

Na kwenu wanafunzi wangu, mjadala wetu ni Jumatano. Kabla ya kuja, kila mmoja ampigie simu mzee mmoja wa nyumbani kwake, amuulize ni karatasi gani aliwahi kuitia saini bila kuisoma. Njooni na majibu. Mimi nimeshawapa la kwangu.