Kuokota, Kuchukua, Kurudisha: Mchezo wa Indiana Jones katika Jiko la Ogembo

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea kuutazama utohoaji kama safari ya njia moja. Kitabu hugeuzwa tamthilia, tamthilia hugeuzwa filamu, na mhakiki hukaa mwisho wa njia akihesabu kilichoanguka. Katika hesabu hiyo mchezo wa video uliozaliwa na filamu haumo kabisa. Ukitajwa, hutajwa kama bidhaa ya kuiuzia filamu tiketi, kitu cha watoto wanaokwepa vitabu. Kwa michezo mingi ya aina hiyo hukumu hii ni ya haki, na haina haja ya kukatiwa rufaa. Upo mmoja, hata hivyo, ambao hukumu hiyo haiutoshi.

Mchezo huo ni Indiana Jones and the Last Crusade: The Graphic Adventure, uliotolewa na Lucasfilm Games mwaka 1989, mwaka ule ule ilipotoka filamu ya Steven Spielberg inayosimulia kisa hicho. Waliousanifu ni Noah Falstein, David Fox na Ron Gilbert. Haukusanifiwa kwa ajili ya vidole vyepesi. Mchezaji hupewa picha ya mahali, na chini yake orodha ya vitenzi: fungua, funga, sukuma, vuta, tumia, na vinginevyo. Huchagua kitenzi, kisha akachagua kitu, na hapo sentensi huwa imetungwa na tendo hufuata. Kwa maneno mengine, huu ni mchezo wa sarufi. Tangu mwaka 2001, ilipoanza kutolewa programu huria iitwayo ScummVM, michezo ya jamii hii imeweza kuchezwa kwenye tarakilishi za bei ndogo ambazo haziwezi kubeba michezo mipya. Kwa njia hiyo ndipo ulipofika Ogembo, ndani ya mkoba wa mwanafunzi wa uzamili aliyerudi kwao likizo ya Desemba.

Ogembo, uliokuwa mji mkuu wa Wilaya ya Gucha na sasa umo katika Kaunti ya Kisii, si mahali pa kwanza pa kutafuta mjadala wa nadharia ya fasihi. Ni mji wa soko, umezungukwa na vilima vya chai na migomba. Michezo ya video si kitu kigeni huko. Lakini vijana hupenda ile ya kandanda, ambayo haihitaji kusomwa. Mwanafunzi huyu alikuwa na nia nyingine. Alitaka kuviandika vitenzi vya mchezo huo kwa Kiswahili, aonyeshe katika semina ya tafsiri kwamba kazi hiyo yawezekana, na kwamba yenyewe ni utohoaji wa pili juu ya ule wa kwanza. Alidhani ingemchukua jioni mbili.

Si kwamba shujaa mwenyewe ni mgeni kwa msomaji wa Kiswahili. Wahakiki wengi humwona Indiana Jones kuwa mjukuu wa Allan Quatermain wa H. Rider Haggard, na Quatermain amekuwa akisema Kiswahili tangu mwaka 1929, ilipochapishwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson. Kitabu hicho kilisomwa shuleni na vizazi kadhaa vya Waafrika wa Mashariki, na filamu yake ya mwaka 1950 ilipigwa kwa sehemu kubwa katika nchi zetu. Basi msafiri mwenye kofia anayeingia pangoni na kutoka na almasi mifukoni ni jamaa wa zamani. Lililokuwa jipya mwaka 1989 ni kwamba msomaji aliambiwa: shika wewe usukani.

Wasanifu waliichukulia ahadi hiyo kwa uzito kuliko ilivyokuwa desturi. Katika filamu, Indiana aliyejibadili mavazi anakutana na Hitler mjini Berlin, naye dikteta anaitia sahihi shajara ya baba yake akidhani ni kitabu cha kawaida. Ni kichekesho, na kinapita. Katika mchezo, kinachotiwa sahihi hutegemea kile ambacho mchezaji ameamua kumkabidhi. Akimpa kibali cha kusafiria, sahihi ile humvusha katika vizuizi vyote vya barabarani vinavyofuata. Kichekesho cha filamu kimegeuzwa kuwa jambo lenye matokeo. Vivyo hivyo walinzi wa kasri la Brunwald: filamu huwatatua kwa ngumi, ilhali mchezaji mwenye subira aweza kuwapita wengi wao kwa maneno tu. Hata Elsa, ambaye katika filamu huangamia kwa kung'ang'ania kikombe kitakatifu, katika mchezo si lazima afe.

Hapa mhakiki wa fasihi simulizi atataka kusema kwamba mchezo umeirudishia hadhira haki iliyonyang'anywa na filamu. Fanani wa omogano, ngano ya Abagusii, huibadili hadithi kulingana na walioketi mbele yake. Filamu haimjui aliyeketi. Hoja hiyo inavutia, nayo ina ukweli ndani yake, lakini isikubaliwe upesi. Mchezaji ana hiari ya njia. Hana hiari ya kitenzi. Uhuru wake wote umo ndani ya orodha, na orodha iliandikwa na wengine kabla hajafika. Propp, mwaka 1928, alipunguza ngano za Kirusi hadi matendo thelathini na moja. Wasanifu wa Indiana Jones walipunguza ulimwengu mzima hadi vitenzi visivyofika ishirini. Anayetaka kujua mtazamo wa mchezo huu juu ya dunia na aisome orodha hiyo. Hakuna utangulizi wa mwandishi ulio wazi kuliko huo.

Mwanafunzi alianza kuisoma kwa sauti jikoni mwa nyanya yake, wakati chinsaga zikichemka. Kikongwe huyo anajua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, na kwa kuwa mjukuu amebeba jina la marehemu mumewe, humwita "mzee wangu" bila mzaha wowote. Vitenzi vya kwanza havikumsumbua mtu. Taabu ilianza Venice.

Ili kupita katika mapango yaliyo chini ya maktaba, mchezaji huhitaji kuchotea maji, na chombo chenyewe ni chupa ya divai iliyo mezani katika mkahawa. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika hapo ni kimoja kwa kila kitu kinachoingia mfukoni mwa shujaa, chenye mwenyewe na kisicho na mwenyewe. Mwanafunzi alikuwa amekiandikia "okota". Akabonyeza, chupa ikatoweka mezani.

"Ameokota nini?" nyanya aliuliza.

"Chupa, Nyanya."

"Ilikuwa imeanguka?"

"Ilikuwa mezani."

"Basi hajaokota, mzee wangu. Amechukua. Kilicho mezani kina mwenyewe."

Yafaa kusema wazi kwamba kikongwe alikuwa sahihi, na kwamba usahihi wake ni wa kiisimu kabla ya kuwa wa kimaadili. Kuokota ni kuinua kilichoanguka, au kukuta kitu ambacho mwenyewe hajulikani. Kuchukua hakusemi lolote juu ya umiliki. Kwaweza kuwa halali, kwaweza kuwa haramu, na msikilizaji hungoja kuambiwa. Zaidi ya hapo kuna kutwaa, ambako kuna nguvu, na kuiba, ambako hakuhitaji maelezo. Kiingereza cha orodha ile kimezifunika tofauti hizo zote kwa kitenzi kimoja chepesi, na wepesi huo si bahati mbaya. Ndio unaomwezesha profesa wa makumbusho kupita katika maktaba, makaburi na kasri la watu akikusanya, bila sentensi yenyewe kumuuliza swali hata moja. Kiswahili, kwa kumlazimu mfasiri kuchagua, kinamuuliza. Tafsiri imefanya hapa kazi ya uhakiki ambayo kurasa nyingi za nadharia hazikuifanya.

Kitenzi cha kuzungumza nacho kilileta udhia wake, ingawa mdogo. Mchezo huu ni wa kwanza katika jamii yake kuwa na kitenzi cha kutazama na cha kuzungumza, na wasanifu walijivunia mazungumzo yenye machaguo mengi. Katika machaguo hayo salamu si sharti. Shujaa huingia na kuuliza. Mwanafunzi aliona haya kuzitafsiri baadhi ya sentensi ambazo mwana anamwambia baba yake, akaishia kuongeza "Baba" mwanzoni mwa karibu zote. Na huenda hilo ni kosa la kitaaluma, lakini ni kosa ambalo msomaji wa Kiswahili angemsamehe kwa urahisi kuliko kinyume chake. Gumu zaidi ni mzaha wa jina. Baba humwita mwanawe kwa neno linalomaanisha Henry mdogo, naye mwana hulichukia jina hilo hata akajipa jina la mbwa wao. Kwa Abagusii jina hurithiwa aghalabu kutoka kwa jamaa aliyefariki. Baba na mwana walio hai wanaogombania jina moja si mzaha jikoni mle. Kulihitaji maelezo marefu, na mzaha unaohitaji maelezo marefu umekwisha kufa.

Mchezo ulikaribia mwisho siku ya tatu, kwa kuwa umeme ulipotea siku ya pili. Katika chumba cha vikombe mchezaji hutakiwa kukitambua kimoja cha kweli kati ya vingi, akiongozwa na aliyoyakusanya njiani na kwa shajara ya baba. Sanduku la awali la mchezo liliuzwa likiwa na nakala ya shajara hiyo ya karatasi. Filamu ilikwisha kukionyesha kikombe chake kwa kila mtazamaji, ndiyo maana wasanifu walifanya kikombe sahihi kisiwe kilekile katika kila mchezo. Aliyetazama filamu hana faida. Ni uamuzi wa busara: umemrudisha mchezaji kwenye kusoma.

Nyanya hakuvutiwa na mafumbo hayo. Alitaka kujua kama kikombe kitabaki mle pangoni, akajibiwa kwamba hakiruhusiwi kuvuka mpaka uliowekwa. Akaridhika. Kisha akauliza vitu vingine vyote alivyovichukua mtu huyu njiani virudi vipi kwao, na katika maneno yale yaliyosomwa jikoni la kurudisha ni lipi. Mwanafunzi alipitia orodha yake. Halikuwamo.

Katika Kisii swali hilo halitoki hewani. Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni, na masimulizi ya Abagusii humtaja Moraa, mwanamke mwenye unabii, kuwa ndiye aliyemchochea. Northcote alipona, akaendelea na utumishi hadi akawa Gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka 1937 hadi 1941. Otenyo aliuawa, na wazee husimulia mpaka leo kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na kwamba hakijarudi. Nyanya alikisimulia kisa hicho jioni ile kama ambavyo angesimulia habari ya ng'ombe wa jirani, bila kupandisha sauti. Kitenzi alichokitumia kilikuwa kuchukua. Aliyekuwa akisikiliza aliona kwamba hakutumia kuiba, na hakujua kama huo ulikuwa upole au ushahidi mzito zaidi.

Filamu na michezo iliyomfuata Indiana Jones imetuzunguka kwa ukaribu usiotambuliwa. Tomb Raider ya mwaka 1996, iliyomfuata shujaa huyo katika mahekalu na makaburi, ilizaa filamu, na ya pili kati ya hizo, ya mwaka 2003, ilipigwa kwa sehemu nchini Kenya. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, ambamo shujaa ni msichana Mwafrika. Lakini naye kazi yake ni kukusanya vitu vya kale. Uso umebadilika, kitenzi kimebaki. Ilichukua muda mpaka mtu akakigusa kitenzi chenyewe: mwaka 2025 kampuni ya Nyamakop ya Afrika Kusini ilitangaza mchezo uitwao Relooted, ambao wahusika wake huviondoa vitu vya Kiafrika katika makumbusho ya Magharibi ili virejeshwe kwao. Nyanya wa Ogembo hajausikia.

Mwanafunzi alirudi chuoni Januari akiwa na orodha kamili isipokuwa mstari mmoja. Kwenye kitufe cha kitenzi kile ameandika "okota" na "chukua", kimoja juu ya kingine, vyote kwa penseli. Nafasi iliyopo kwenye kitufe inatosha neno moja. Msimamizi wake ameweka alama ya kuuliza pembeni na kumwagiza achague kabla ya semina. Chini ya orodha, mahali ambapo mchezo hauna kitufe chochote, pameandikwa "rudisha" kwa wino.