Sumaku na Sauti ya Babu

Ilikuwa likizo ya Agosti, nami nilikuwa darasa la tano. Jua liliwaka hadi utosi ukafoka. Nilikuwa nimeng'oa sumaku kwenye spika mbovu, nikashinda nikiiburuta mchangani kuokota chembe nyeusi za chuma. Jioni nilipoitwa kula niliitupa juu ya kabati la nyanya. Kumbe niliilaza juu ya kanda!

Kanda hiyo, mpenzi msomaji, haikuwa ya muziki. Ilikuwa sauti ya marehemu babu, aliyojirekodi mwaka wa 1993 akitaja majina ya wazee wa ukoo wetu. Jumapili nyanya alipobonyeza redio, sauti ilikuja ikazama, ikaja ikazama, kama mtu anayesema huku akizunguka nyumba. Majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Nilipofika kidato cha pili nilimwuliza mwalimu wa fizikia, akanipa kitabu. Kumbe utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa kitu kama rangi, na ndani ya rangi hiyo mna vijisindano vya oksidi ya chuma, kila kimoja kifupi kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Vikiachwa hivi hivi hulala shaghalabaghala kama njiti za kiberiti zilizomwagika, na sauti huwa hafifu. Kwa hivyo kiwandani, rangi ikiwa bado mbichi, utepe hupitishwa kwenye sumaku ili vyote vilale kufuata urefu wa utepe.

Hapo ndipo penye kazi. Ukiweka ncha ya kaskazini juu na ya kusini chini, vijisindano vitasimama wima kama mahindi shambani. Mafundi hutazamanisha ncha za aina moja, kaskazini kwa kaskazini. Nguvu za juu na za chini hubatilishana, zikabaki zile zinazolala sambamba na utepe. Wengine hupitisha utepe ndani ya koili ya waya. Lakini nguvu zikipinda pale pa kutokea kabla rangi haijashika, vijisindano huvurugika tena! Basi rangi huanza kukaushwa humo humo ndani ya sumaku.

Sumaku yangu haikusogeza kijisindano hata kimoja, maana vilishaganda zamani. Ilichogeuza ni usumaku uliokuwa ndani yake, yaani maneno ya babu. Kanda ni nzima, hata leo unaweza kurekodi juu yake. Babu tu ndiye hayumo.

Desemba nilimweleza nyanya haya yote. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na hiyo simu ya mama yako, sumaku inaweza kuifuta sauti?"

"Haiwezi, nyanya."

"Basi ilete hapa, nikutajie wale aliowaruka babu yako."

Tumeshapata majina 11. Jina la mama mzazi wa babu nyanya halikumbuki, na kwenye kanda liko pale pale sauti inapozama.