Maziwa Hukaukia Saa 9 Usiku

Mama akiniambia, "Sista, maziwa yamekauka," simwulizi amekula nini. Namwuliza jana usiku alikamua saa ngapi. Jibu karibu halibadiliki: saa 3 kabla ya kulala, kisha saa 12 asubuhi. Katikati hapo hakugusa kikombe.

Mimi ni muuguzi wa watoto wachanga katika hospitali moja ya umma huku njia ya Thika. Wodi yetu akina mama huiita nasari. Wengi wa watoto tunaowalaza wamezaliwa kabla ya wiki 37, na wale wadogo kabisa hawawezi kunyonya, kwa kuwa uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja karibu na wiki ya 34. Hadi hapo tunawalisha kwa mrija wa puani kila baada ya saa 3. Maziwa anatakiwa ayalete mama, na kazi ambayo ingefanywa na mdomo wa mtoto inabaki kwa vidole vyake.

Familia huleta chakula cha kuongeza maziwa. Cucu, yaani bibi, anatoka Gatundu na maharage ya njahi, mama mkwe anakuja na supu, jirani wa Kihunguro na thamosi ya uji. Mzazi anastahili kushiba, sina neno. Lakini nimeona aliyeshiba njahi akikauka, na nimeona msichana wa Kiandutu asiyetembelewa na mtu akijaza kikombe kwa chakula cha hospitali, kwa sababu alikuwa akiamka usiku kukamua. Titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Mama anatakiwa akamue mara 8 kwa siku au zaidi, na usiku usirukwe, maana homoni ya maziwa hupanda zaidi usiku.

Tunaanza kupoteza maziwa siku ile ile ya kwanza. Mama amefanyiwa upasuaji kwa sababu ya presha, amelala wodi ya uzazi na dripu mkononi. Mtoto amekimbizwa kwetu. Wenzetu wa uzazi wanadhani sisi tutamfundisha kukamua, sisi tunadhani wameshamfundisha. Ilifaa aanze ndani ya saa chache. Dang'a ya siku hiyo ni matone tu. Nayavuta kwa bomba la sindano la mililita 2 pale pale kwenye chuchu, kwa sababu ukiyakinga kwa kikombe yanaishia kushika kwenye kuta zake. Mama anaona umanjano kidogo chini ya bomba, analia kwamba hana maziwa. Namwambia hayo ndiyo maziwa, na mtoto wake wa gramu 1,100 leo hahitaji zaidi.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni, na hata baadhi ya wenzangu hawalitilii maanani. Ni ile chati ya kulishia. Chati imeandikwa mililita 5. Mama anakamua 5, anafunika kikombe, anarudi kulala. Kesho imeandikwa 8, anakamua 8. Amefuata maagizo yetu sawasawa, na titi lake limejifunza kutoa kidogo. Baadaye mtoto anafika kilo moja na nusu, chati inasema 28, mama anajikamua hadi vidole vinamuuma na anapata 15. Hapo ndipo ninapoitwa. Mama wa mtoto njiti anatakiwa akamue tangu wiki ya kwanza kana kwamba amezaa mtoto wa miezi 9, afike kama nusu lita kwa siku wiki ya pili inapoisha, ingawa mtoto bado hanywi hata nusu ya hayo. Tena maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi. Anayeacha akifika 5 anayaacha mafuta ndani, kisha tunashangaa uzito haupandi.

Ziada iende wapi? Friji ya wodi yetu ni ya dawa, na kwenye joto la chumba maziwa yasipitishe saa 4. Kwa hiyo ziada humwagwa, na mimi ndiye ninayesema imwagwe. Mama mmoja wa Ruiru, anayefanya kibarua kwenye shamba la maua, alisimama kwenye sinki akakataa. "Sista, mtoto wa kitanda kile hana kitu, na mimi nimwage?" Ningetaka kumwambia ampe. Lakini maziwa ya mama mmoja hayapewi mtoto wa mwingine kabla mama hajapimwa magonjwa na maziwa hayajapashwa joto la kuua vijidudu. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya. Kutoka hapa hadi huko ni barabara moja kuu. Wodi yangu haina benki, wala chupa za kuhifadhia. Alimwaga.

Mama huyo aliruhusiwa kabla ya mtoto wake. Chumba cha akina mama wanaosubiri kilikuwa kimejaa, wamelala wawiliwawili, akaamua awe anatoka nyumbani. Anakuja asubuhi, anaondoka jioni kabla mvua haijapandisha nauli. Usiku, nyumbani, hakuna mtoto wa kumwamsha kwa kilio. Mumewe anamwona amechoka, anamwambia alale. Anamhurumia kwa kweli, na huruma hiyo ndiyo inayokausha maziwa. Siku hizi mume akija namweka kando: weka alamu ya saa 9 kwenye simu yako, uamke wewe, umpashie maji ya kukanda matiti, umwoshee kikombe, ukae naye hadi amalize.

Kitu ambacho nimeona kikirudisha maziwa kuliko dawa yoyote ya chemisti ni kangaruu: mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa leso. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema ianze mara tu mtoto anapozaliwa, hata kabla hajatulia. Mama akikaa hivyo saa moja, blauzi inalowa kabla hajashika kikombe. Lakini lazima akae mahali. Viti vyetu ni vya plastiki, havina hata pa kuegemea kichwa, na akina mama wanavipokezana.

Wenye ajira rasmi, sheria ya ajira ya 2007 inawapa miezi 3 ya likizo ya uzazi, na mtoto njiti anaweza kula miezi 2 kati ya hiyo akiwa wodini. Wa kibarua kwa kawaida hapati hata siku moja. Yule wa Ruiru alirudi kwenye maua mtoto akiwa bado na mrija.

Zamu ya usiku tuko wauguzi wawili kwa wodi nzima. Saa 9 ikifika nina watoto wa kulisha, na mara nyingi kuna mmoja aliyesahau kupumua. Siwezi kuwaacha nikagonge mlango wa akina mama. Kwa hiyo wamejipangia wenyewe: majina yao yako kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango, kila usiku mmoja anawaamsha wenzake, na asubuhi anatia alama nani aliamka. Wanawake wenye mishono mibichi wanafanya kazi ambayo kaunti ilipaswa kumwajiri mtu aifanye.