Gari linanuka petroli? Usikimbilie kabureta!

Kuna mafundi wakisikia tu "gari linanuka petroli", boneti halijafunguliwa tayari wameshakutajia bei ya kabureta. Mshikaji, tuliza boli. Kwa gari za kizamani, hasa hizi Corolla KE70 za injini ya 4K ambazo bado utaziona mitaani, wa kwanza kuhojiwa ni pampu ya mafuta.

Pampu yenyewe haina makuu. Haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini, na kamshafti ndiyo inayousukuma mkono wake. Mkono ukivuta dayaframu, ule mpira mwembamba wa ndani, petroli inanyonywa kutoka kwenye tanki. Springi ikiirudisha, petroli inakwenda kwenye kabureta. Mpira huo ukizeeka unapasuka, na hapo ndipo sinema inapoanza.

Ba'mdogo wangu ana KE70 anayosambazia mayai madukani. Fundi wake alishamwambia alete hela ya kabureta, na hela iliyokuwepo ilikuwa ada ya binti yake. Nikamwambia, "Ba'mdogo, usilipe kwanza, tulikague." Akanitazama kama vile nimeomba kumfanyia upasuaji.

Kabla ya kupiga stata nikachomoa dipstiki. Oili ilikuwa imepita alama ya F, nyepesi kama chai ya rangi, inanuka petroli. Na hakuna aliyeiongeza! Hili ndilo linaloua injini kimya kimya: petroli inapenya kwenye dayaframu iliyopasuka, inashukia kwenye oili, oili inakosa nguvu, beringi zinasagika. Chini ya gari huenda usione hata tone. Wale wanaojisifu eti "mbona chini pakavu", nawaonea huruma.

"Gari haliwaki leo," nikamwambia.

"Na mayai ya watu, mwanangu?"

"Yapande bajaji."

Kama oili yako ni salama, endelea hivi. Injini ipoe, na mwenye sigara akamalizie stori zake ng'ambo ya barabara. Hapo sitanii: petroli ikidondokea ekzosi ya moto, utabaki na namba ya gari tu. Futa pampu na mipira yake mpaka ikauke kabisa, maana petroli huteremka. Palipolowa sipo panapovujia. Kisha mtu awashe kwa muda mfupi, wewe umulike na tochi, mikono mbali na feni.

Unyevu ukianzia kwenye klipu, shangilia. Klipu imelegea au mpira umechanika, ni hela ndogo. Ukianzia pale vipande viwili vya pampu vinapokutana, jaribu kukaza skrubu. Lakini pampu nyingi zina kitundu kidogo kwa chini. Si kasoro, kiwandani walikiweka makusudi. Petroli ikitokea hapo, dayaframu imekwisha. Ikitoka oili, ni sili ya ndani. Kidole kitakwambia: petroli inakauka upesi na kuacha ubaridi, oili inateleza tu na haiondoki.

Cha Ba'mdogo kilikuwa kimelowa petroli tangu juzi, doa limeshuka mpaka kwenye sampu. Tukaenda Kariakoo kununua pampu na gasketi yake. Kuifunga ni bolti mbili, siwezi kuwapotezea muda. Kinachorukwa na wengi ni oili: ukibadili pampu ukaiacha oili ile ile yenye petroli, umefanya kazi bure. Tulimwaga yote, tukaweka mpya na filta mpya.

Ada ilimegwa kidogo, lakini kabureta ni ile ile. Jioni Ba'mdogo alipiga stata, akaacha injini ingurume, akapitisha kidole chini ya pampu mpya, akanusa. Akanusa tena. Kisha akaanza kupakia trei.