Jasho la Ukutani

Manchester

Dada,

Nimepata ujumbe wako kwamba viza ya mpwa wangu imetoka na Septemba atakuwa huku chuoni. Nimefurahi mno. Umeniuliza umfungie nguo gani za baridi. Hizo tutanunua huku huku, usijisumbue. Ninachotaka kukueleza ni habari ya nyumba, maana chumba atakachopanga kinaweza kumwumiza kifua kuliko baridi yenyewe. Yaliyotupata msimu wa baridi uliopita sikukusimulia sawasawa. Kwenye simu nilikuwa nakwambia tu kwamba mtoto anakohoa.

Nyumba yetu ni ya matofali mekundu, imeshikana na za majirani kulia na kushoto, safu moja ndefu mtaa mzima. Zilijengwa enzi za Malkia Victoria, mji huu ulipokuwa ukiishi kwa viwanda vya pamba. Ukuta wa nje ni tofali tupu, hauna uwazi katikati wa kuzuia baridi isipite. Desemba ukiugusa kwa ndani ni kama umeshika chupa iliyotoka kwenye friji. Unaikumbuka bilauri ya maji ya barafu pale barazani kwetu Ngamiani, Tanga, inavyotoka jasho hadi kitambaa cha meza kinalowa? Jasho lile halitoki ndani ya bilauri. Ni maji yaliyokuwa hewani. Hewa ya joto hubeba maji mengi, ikigusa kitu cha baridi hushindwa kuyabeba, ikayatua hapo hapo. Basi huku bilauri ni ukuta, na maji tunayatoa sisi wenyewe: pumzi zetu usiku kucha, birika la chai, maharage ya saa mbili jikoni, maji ya moto ya kuoga, na nguo.

Nguo ndizo sikuzidhania kabisa. Mzigo mmoja wa mashine ukianikwa ndani hutoa hewani kiasi cha lita mbili za maji. Na utaanika wapi? Januari jua linachomoza saa mbili na ushee, saa kumi jioni limezama, na katikati hapo mara nyingi ni manyunyu. Tukawa tunatandaza juu ya hita za ukutani, madirisha tumeyafunga kwa sababu joto tunalilipia kwa mita. Vile vipenyo vidogo vya hewa juu ya madirisha nilivibandika gundi mimi kwa mkono wangu ili baridi isiingie. Kwetu Tanga upepo wa bahari unaingia kwa matundu ya matofali upande huu na kutokea upande wa pili, mchana na usiku. Hakuna aliyekaa akafikiria pumzi yake inakwenda wapi.

Mwezi wa Novemba niliona vidoa vyeusi kwenye kona juu ya kitanda cha binti yangu, kama pilipili manga iliyomwagika. Harufu yake wewe unaijua: gunia la mahindi lililonyeshewa. Kwetu kuvu tunaiogopa kwenye chakula. Hatujasahau mwaka 2016 watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kwenye nyumba tunaijua kidogo, wakati wa masika, viatu vya ngozi vikiota koga kabatini, ukavitoa juani asubuhi na habari ikaishia hapo. Sikujua kwamba inaweza kukaa na mtu chumbani miezi mitano.

Nikafuta kwa jiki. Baada ya wiki tatu vidoa vikarudi. Nikapaka rangi nyeupe, vikatokeza juu ya rangi. Nikampigia wakala wa mwenye nyumba, akaniambia tufungue madirisha na tupunguze kupika, maana watu wa kwetu, alisema, wanachemsha vyakula sana na kuoga sana. Dada, nililimeza. Mke wangu alianza kupika usiku, na mgeni akibisha hodi anaufunga kwanza mlango wa chumba cha mtoto ili kona ile isionekane. Tuliishi na aibu hiyo kama watu waliofumaniwa na uchafu, na huku mtoto anaamka saa nane za usiku kifua kikipiga filimbi.

Ningeendelea kunyamaza lau si habari ya Awaab Ishak. Huyu alikuwa mtoto wa wazazi kutoka Sudani, wakiishi Rochdale, mji ulio jirani kabisa na sisi, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala ya shirika la nyumba. Baba yake alianza kulalamikia kuvu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi. Desemba 2020 mtoto alifariki, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 2. Uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulitoa uamuzi Novemba 2022: alikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye kuvu, na nyumba haikuwa na njia ya kutosha ya kupitisha hewa. Shirika lenyewe lilikiri kwamba liliidhania familia ile mambo kuhusu namna wanavyoishi, na kwamba halikuwa sahihi. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Walivyodhaniwa wao ndivyo tulivyodhaniwa sisi, na rangi aliyoambiwa baba yule apake ndiyo niliyopaka mimi.

Kutokana na kifo chake Uingereza sasa ina Sheria ya Awaab, iliyoanza kutumika Oktoba 27, 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba. Hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu ya kutishia afya ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na baada ya uchunguzi nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Sisi tuliopanga kwa mtu binafsi haikuanza na sisi, lakini halmashauri ina maofisa wa afya ya mazingira wanaopokea malalamiko. Nilipiga picha kila Jumapili, tarehe ikionekana, nikaandika barua tatu. Ya tatu niliwapelekea halmashauri nakala. Wiki iliyofuata mwenye nyumba alileta mafundi wa kuondoa kuvu.

Nilidhani watakuja na dawa ya kupuliza. Fundi mkubwa alikuja na tochi na kipima unyevu chenye sindano mbili. Akawa anachomeka ukutani hatua kwa hatua, anasoma namba, anaandika kwa penseli pale pale kwenye plasta. Aliniambia kuvu haina kazi ya kutafutwa, inaonekana. Kinachotafutwa ni maji. Mbegu zake ziko hewani kila nyumba duniani, ya tajiri na ya maskini, zinangoja mahali palipolowa.

Akatoka nje na ngazi. Gata juu ya chumba cha mtoto lilikuwa limepasuka na kuzibwa na majani, kila mvua ikinyesha maji yanateremka juu ya matofali, na chokaa katikati ya matofali ilikuwa imekwisha kumomonyoka. Kisha akapanda darini, akaniita. Nilichokiona huko ndicho kilichoniondolea aibu. Bomba la feni ya bafuni, ambalo kazi yake ni kutoa mvuke nje ya nyumba, lilikuwa limechomoka. Miaka mitatu tuliyokaa humo, kila tulipooga na kuwasha feni kama watu wastaarabu, mvuke wote ulikuwa unamwagwa darini juu ya kitanda cha binti yangu. Mbao za paa zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu. Ile sufi ya kuzuia baridi ilikuwa imelowa, nzito kama sifongo.

Hayo hayakuwa maharage yetu. Makosa yetu yalikuwepo, nayo fundi aliyataja bila kutudharau: gundi kwenye vipenyo vya hewa, nguo juu ya hita, kabati la nguo lililosukumwa hadi kugusa ukuta wa nje, ambapo hewa haipiti kabisa. Lakini familia yenye mazoea kama yetu kwenye nyumba nzima yenye gata zima ingepata ukungu kwenye vioo asubuhi, ikafuta kwa kitambaa, basi.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili na kukausha siku nne. Mlango wa chumba waliuziba kwa nailoni. Dirishani waliweka mashine inayovuta hewa ya chumba, ikaipitisha kwenye chujio na kuitoa nje, ili vumbi la kuvu lisivuke kuja sebuleni. Wao wamevaa suti nyeupe na barakoa zenye chujio. Walianza kwa kufyonza, wakafuata kwa kupangusa na vitambaa vibichi, kila kitambaa kikitumika mara moja. Singibodi iliyooza waliikata, wakaifunga kwenye mifuko miwili miwili humo humo chumbani. Nikamuuliza kwa nini wasiue tu kwa dawa kali. Akanieleza kwamba kuvu iliyokufa bado inaumiza kifua, kwa hiyo lazima itoke, na kwamba jiki yangu ilikuwa inaondoa rangi yake tu juu ya plasta, mizizi ikabaki ndani, tena ikaongezewa maji. (Hili mwambie mpwa wangu hata kwa huko nyumbani: jiki isichanganywe kamwe na siki wala dawa ya choo, moshi wake ni sumu.) Doa dogo, lisilozidi mita moja ya mraba, mtu anaweza kusafisha mwenyewe akiwa na barakoa na glavu. Likizidi hapo aite watu wa kazi. Mashine ya kukausha hewa ilikuwa inajaa ndoo kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa naimwaga. Rangi ilikuja mwisho, kipima kilipokubali.

Lipo moja sijakwambia, na ndilo lililonichelewesha kuandika. Walipovuta kabati, nyuma yake kulikuwa na ule mkeka aliotusukia Bibi kwa ajili ya arusi yetu, nimeukunja na kuusimamisha hapo usikanyagwe. Nilipoukunjua ukili uliachana mikononi. Ile zambarau na kijani ya miyaa haikuonekana tena, ilikuwa majivu juu ya majivu, na pale aliposukia jina la mke wangu palibaki herufi mbili. Kuvu hula mimea, na mkeka ni mmea. Fundi aliniambia kwa upole kwamba kitu cha nyuzi kikifika hapo hakisafishiki. Akaningoja nipige picha, kisha akaufungua mfuko mwenyewe. Bibi hayupo tena wa kusuka mwingine.

Binti yangu sasa analala usiku mzima. Pampu ya pumu iko kabatini, haijaguswa tangu Aprili. Kwenye rafu kuna kipima unyevu kidogo kama saa ya mezani. Kikisoma asilimia 60 nalifungua dirisha hata kama kuna theluji, na watoto wameshajifunza kukisoma.

Mpwa wangu akija, kabla ya kutia saini popote nitakwenda naye. Tutavuta kabati, tutanusa kona, tutawasha feni ya bafuni na kushika karatasi mbele yake tuone kama inavutwa. Akionyeshwa ukuta uliopakwa rangi jana, tutaondoka.

Na kama yule mama wa Pangani bado anasuka, mwagizie mkeka mmoja wa kadiri, mpwa wangu aje nao. Ufunge kwa kanga, usiutie kwenye nailoni. Nitautandaza sebuleni kwenye ukuta wa katikati, ule tunaochangia na jirani, ambao haujawahi kuwa wa baridi.

Nduguyo